Barua ya wazi: Mgonjwa wa upasuaji wa kupunguza uzito aelezwe yote kabla hajatia sahihi

Kwa Wakurugenzi na Waganga Wafawidhi wa hospitali za umma na binafsi zinazofanya upasuaji wa kupunguza uzito kwa wagonjwa wanaotoka Nyanda za Juu Kusini.

Nakala: Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

YAH: MAHITAJI YA MGONJWA ANAPOAMUA KUFANYIWA UPASUAJI WA KUPUNGUZA UZITO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wauguzi, wafamasia na maafisa lishe wa vituo vya afya na hospitali za wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Kwetu ndiko mgonjwa anakorudi baada ya kupasuliwa. Malalamiko haya tumeyapeleka kwa njia za ndani, kwa mdomo na kwa maandishi, tukajibiwa kwamba yanafanyiwa kazi. Hatujaona kilichobadilika, na wagonjwa wanaendelea kushuka kwenye mabasi na bahasha zisizoeleza hata walichofanyiwa. Ndiyo maana tunaandika hadharani.

Hatupingi upasuaji huu. Kwa mwenye unene uliokithiri, hasa akiwa na kisukari cha aina ya pili, ni tiba yenye nguvu kubwa, na mikononi mwa timu yenye uzoefu hatari ya kufa ni kama mtu mmoja kati ya elfu moja. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inaipendekeza kwa mwenye BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine, na inaruhusu ifikiriwe kwa mwenye 30 hadi 34.9 aliye na ugonjwa kama kisukari. Wapo wengi Mbeya, Iringa na Njombe wanaostahili na hawaipati. Tunacholalamikia ni namna mgonjwa anavyofikishwa mezani. Anaulizwa atalipaje na atakuja lini. Haulizwi anaishi wapi, anakula nini, anameza dawa gani, wala nani atampima damu mwaka wa tano. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Yanayofuata atayaishi Tukuyu, Mafinga au Makete maisha yake yote.

Hoja zetu ni hizi.

1. Ridhaa inachukuliwa kwa kuchelewa. Fomu inaletwa asubuhi ya upasuaji, kwa Kiingereza cha kitabibu, mgonjwa ameshavaa gauni, hajala tangu jana usiku, na pesa ameshalipa. Kwa wakati huo kukataa kumeshakuwa aibu na hasara, kwa hiyo anatia sahihi tu. Maelezo yatolewe angalau wiki mbili kabla, kwa Kiswahili, kwenye karatasi atakayoibeba nyumbani akaisome na mwenzi wake au mwanawe mkubwa. Mama mtu mzima wa Rungwe au Kilolo anayeelewa zaidi Kinyakyusa au Kihehe aruhusiwe kuja na mtu wa kumfafanulia. Mwishoni aombwe arudie kwa maneno yake mwenyewe: kitakatwa nini, kama kinaweza kurudishwa, atameza nini kila siku, na dalili zipi zikimpata akimbilie hospitali. Akishindwa kurudia hayo, bado hajaelewa. Aongezewe muda.

2. Mgonjwa haelezwi tofauti ya njia moja na nyingine. Wengi wanatuambia "nimefanyiwa ile ya tumbo", na kwetu hilo halitoshi kumtibu mtu.

Njia ya kwanza ni puto. Huingizwa tumboni kwa njia ya mdomo, kwa kawaida hujazwa maji mililita 400 hadi 700, na hukaa miezi 6, ingawa yapo ya miezi 12. Muda ukifika ni lazima litolewe. Siku za mwanzo kichefuchefu na kutapika vinatarajiwa. Mara nyingi maji yake hutiwa rangi ya bluu makusudi: mkojo ukigeuka bluu au kijani, puto linavuja, na likisinyaa linaweza kushuka na kuziba utumbo. Hupunguza kama asilimia 10 ya uzito, na wengi hurudisha sehemu kubwa likishatoka. Mgonjwa aliyewekewa puto Dar es Salaam bila tarehe ya kulitoa iliyoandikwa kwenye kadi yake anatembea na hatari tumboni.

Kupunguza tumbo la chakula ni jambo jingine kabisa. Asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hukatwa na kuondolewa, likabaki bomba jembamba, na kilichoondolewa hakirudishwi. Mgonjwa hupungua kama asilimia 25 ya uzito wake, lakini kiungulia kinaweza kuanza au kuzidi. Njia ya tatu ni kutengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30 na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Hii hupunguza kama asilimia 30, husaidia zaidi kisukari na kiungulia, ila huunyima mwili chuma, kalsiamu na vitamini B12 kuliko zile nyingine.

Hesabu hizi zifanywe mbele ya mgonjwa, kwa kilo zake. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 105 ana BMI ya 41. Akipunguziwa tumbo na kushuka asilimia 25, atafika kama kilo 79, yaani BMI ya 31 hivi. Kisukari kinaweza kutulia, magoti yakapata nafuu, naye akatembea sokoni bila kuhema. Lakini kwa vipimo bado anahesabiwa mnene. Kama kichwani alikuwa na picha ya kilo 60, atajiona ameshindwa wakati tiba imefanya kazi yake. Aelezwe pia kuhusu sindano za semaglutide, ambazo kwenye majaribio makubwa zilipunguza kama asilimia 15 ya uzito, kwamba zipo, zina gharama, na kwamba uzito hurudi zikiachwa. Kumficha mtu njia nyingine ili achague ya kwenu si ushauri.

3. Vipimo vinarukwa. Mwenye kiungulia cha muda mrefu apitishwe kamera ya tumboni kwanza, kwa sababu matokeo yake yanaweza kubadilisha aina ya upasuaji anaofaa. Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, wameenea sana nchini. Wapimwe na watibiwe kabla. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini atambuliwe kabla ya nusu kaputi. Chuma, B12 na vitamini D vipimwe mapema, maana anayeingia na upungufu atatoka na upungufu mkubwa zaidi. Na kwetu huku tunahitaji vifaa viwili vya kawaida kabisa: mizani inayopita kilo 150, na mkanda mpana wa mashine ya presha kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 35 hadi 44. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyo ya kweli, na mtu anaongezewa dawa asizozihitaji.

4. Safari ya kurudi haimo kwenye mpango. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kwa basi ni kutwa nzima ya kukaa magoti yamekunjwa. Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kukimbilia mapafuni ni miongoni mwa sababu kuu za vifo baada ya upasuaji huu, na mara nyingi hutokea mgonjwa akiwa ameshatoka wodini. Kuvuja kwa mshono nako kunaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Tunaomba mgonjwa akae karibu na hospitali siku 10 hadi 14, na gharama ya malazi atajiwe tangu mwanzo pamoja na ya upasuaji. Akiruhusiwa, aambiwe ashuke na kutembea kila kituo, anywe maji kwa mafunda madogo madogo njia nzima, na aendelee na sindano za kuzuia damu kuganda kama ameandikiwa. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, au akipata homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega au kuhema, asisubiri kufika kwao. Akiwa Mikumi au Makambako ashuke hapo hapo.

5. Kutapika. Hapa tunaomba msome taratibu, kwa sababu ndipo mtu anapoharibika kwa kitu cha bei ndogo.

Akiba ya vitamini B1, thiamini, mwilini huisha kwa wiki mbili hadi tatu hivi. Aliyepunguziwa tumbo akatapika siku kadhaa mfululizo, au akawa hali karibu kitu, anaweza kuimaliza upesi. Anaenda zahanati, anaonekana amekauka na hana nguvu, anatundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi inahitaji thiamini ili itumike mwilini. Ile kidogo iliyobaki inaisha, na ubongo unaumia. Dalili ni macho kuchezacheza au kuona vitu viwili, kuyumba anapotembea, na kuchanganyikiwa. Asipotibiwa haraka, kumbukumbu inaweza isirudi tena. Mhudumu wa zahanati hana kosa, hakuna aliyemwandikia.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Anayetapika baada ya upasuaji huu apewe kwanza sindano ya thiamini, angalau miligramu 100, ndipo glukosi ifuate kama inahitajika. Maji ya chumvi yanaweza kuanza mara moja. Mwenye dalili za macho, kuyumba au kuchanganyikiwa anahitaji dozi kubwa zaidi kwenye mshipa, miligramu 200 hadi 500 mara tatu kwa siku, na rufaa siku hiyo hiyo. Kisha atafutwe chanzo: kula haraka, kipande cha nyama kilichokwama, au njia iliyosinyaa inayohitaji kutanuliwa kwa kamera. Agizo la kutanguliza thiamini kabla ya glukosi liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya kila mgonjwa.

6. Dawa alizokuwa akimeza. Sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, hata kabla uzito haujapungua. Mgonjwa anayerudi nyumbani na dozi ile ile ya insulini au glibenklamaidi anaweza kuzimia usiku. Dawa za presha za kukojoza maji nazo humkausha mtu ambaye tayari hawezi kunywa sana. Orodha mpya ya dawa iandikwe siku ya ruhusa: ipi imeachwa, ipi imepunguzwa, na lini irudiwe kuangaliwa.

Diklofenaki na ibuprofeni zipigwe marufuku kwenye kadi, hasa kwa aliyeunganishiwa utumbo, kwa kuwa huchimba vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Huku kwetu mtu akilalamika mgongo tu, duka la dawa muhimu linampa diklofenaki. Parasetamoli ndiyo iandikwe badala yake.

Jambo la VVU halitajwi kabisa. Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi nchini, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea, ikifuatiwa na Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Wengi wa walio kwenye dawa wanatumia TLD, yenye dolutegraviri, dawa ambayo imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu, hasa wanawake. Kwa hiyo miongoni mwa wanaokuja kwenu kutafuta upasuaji wapo wanaohudhuria CTC, yaani kliniki za VVU. Nanyi mnawaandikia kalsiamu na chuma maisha yote, vitu viwili vinavyoizuia dolutegraviri isifyonzwe. TLD inatakiwa imezwe saa 2 kabla ya kalsiamu au chuma, au saa 6 baada yake. Mpango unaowezekana ni huu: TLD saa 12 asubuhi; kalsiamu saa 3 asubuhi, saa 8 mchana na saa 1 jioni; chuma saa 3 usiku. Wingi wa virusi upimwe miezi michache baada ya upasuaji, usisubiri ratiba ya mwaka. Na swali la dawa za CTC liulizwe faraghani, mgonjwa akiwa peke yake, siyo mbele ya shemeji aliyemsindikiza.

7. Chakula na virutubisho. Karatasi za lishe tunazoziona zinataja vyakula ambavyo havipatikani Mbalizi wala Mafinga. Mgonjwa anahitaji protini angalau gramu 60 kwa siku, na mwanzoni tumbo lake linapokea vijiko vichache tu kwa mlo. Wiki mbili za kwanza ni vya majimaji, mbili zinazofuata ni vilivyopondwa, kisha laini, na vigumu baada ya wiki 6 hadi 8. Maziwa ya Rungwe yanatosha kabisa kuanzia: mililita 250 zina gramu 8 hivi. Yai moja lina 6. Maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, dagaa wa Ziwa Nyasa waliosagwa, samaki wa Kyela asiye na miiba, vyote vinafaa kwa hatua yake. Aambiwe waziwazi kwamba protini inatangulia, na ndizi, viazi na ugali vinafuata kama nafasi imebaki, kwa sababu huku desturi ni kinyume chake. Asinywe pamoja na kula; asubiri dakika 30. Uji wenye sukari nyingi na soda vinaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara, hasa aliyeunganishiwa utumbo. Ulanzi na komoni vitampanda kichwani haraka kuliko zamani na kwa kiasi kidogo, kwa hiyo unywaji wake ujulikane kabla ya upasuaji.

Virutubisho ni vya maisha: multivitamini, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku kwa mafungu, vitamini D, chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi, na B12 kwa vidonge au sindano. Kidonge kimoja cha FEFO, kile cha chuma na asidi ya foliki, kina chuma kama miligramu 60. Asikinywee chai, wala asikimeze pamoja na kalsiamu. Kalsiamu ya sitreti ndiyo inayofyonzwa vizuri zaidi baada ya upasuaji huu, nayo ni ngumu kupatikana nje ya miji mikubwa. Damu ipimwe miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Mgonjwa atajiwe gharama ya mwaka mzima ya vitu hivi kabla hajauza shamba la parachichi kulipia upasuaji, na aelezwe kwa maandishi bima yake inalipa nini na hailipi nini.

8. Uzazi. Uzito ukishuka, mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba anaweza kushika ghafla. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Aliyeunganishiwa utumbo asitegemee vidonge vya majira. Vijiti au kitanzi ni salama zaidi kwake. Hili lisemwe kabla, na mume awepo kama mwanamke anataka awepo.

9. Maneno ya watu. Katika mikoa hii mtu akikonda haraka, jirani ana jibu moja tu. Wapo wanaoacha kuja kliniki kwa kuogopa kuonekana. Mgonjwa aandaliwe amwambie nani ukweli na atajibu nini msibani au kanisani, na apate mshauri wa kuongea naye kabla na baada. Aliyekuwa akila kwa huzuni, huzuni yake haikukatwa pamoja na tumbo.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Mtasema mgonjwa alitia sahihi. Tumeeleza hapo juu sahihi hiyo inapatikanaje. Mtasema tukiwaeleza yote wataogopa na kukimbilia chai za kupunguza uzito za mitandaoni. Anayeogopa baada ya kuelewa ana haki ya kuogopa, na anayeendelea baada ya kuelewa ndiye anayemeza kalsiamu yake mwaka wa tano. Mtasema hakuna wataalamu wa lishe wa kutosha. Ni kweli, ni wachache. Lakini kadi ya ukurasa mmoja haihitaji ajira mpya, na maafisa lishe wa halmashauri wapo tayari kufundishwa. Mtasema ufuatiliaji ni kazi ya vituo vya huku. Tunaikubali kazi hiyo, tupeni taarifa.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Maelezo ya Kiswahili na wiki mbili za kufikiri kabla ya kulipa na kutia sahihi, na fedha irudishwe kwa anayeghairi.

(b) Kadi ya kila mgonjwa yenye aina ya upasuaji, tarehe, tarehe ya kutoa puto kama analo, onyo la thiamini, dawa zilizokatazwa, na simu ya timu ya upasuaji inayopokelewa usiku na mchana.

(c) Barua ya ruhusa itumwe kwenye hospitali ya wilaya ya mgonjwa kabla hajapanda basi.

(d) Kliniki ya pamoja ya ufuatiliaji Mbeya na Iringa, angalau kila baada ya miezi mitatu, ili mtu wa Ludewa au Chunya asisafiri hadi Dar es Salaam kwa kipimo cha damu.

(e) Sindano za thiamini, vidonge vya B12 na mkanda mpana wa presha viwepo katika kila hospitali ya wilaya ya kanda hii.

Rasimu ya kadi tumeshaiandaa na tutaikabidhi kwa yeyote kati yenu atakayeihitaji, bila malipo. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakitaja ni lipi litaanza, lini, na nani atalisimamia.

Tunaomba kuwasilisha.

Wauguzi, wafamasia na maafisa lishe,
Nyanda za Juu Kusini